Jinsi ya kujikinga na matangazo taka mitandaoni

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mitandao ya kijamii, hata hivyo, wengi wa wageni wanaobisha hodi kila siku hawana nia ya kumponya mwenyeji.

Mmoja anauza dawa ya kupunguza unene. Mwingine anaahidi kazi ughaibuni. Wa tatu ana mkopo usiohitaji dhamana, na wa nne amemtia mwenye simu katika kundi la WhatsApp la kubashiri matokeo ya kandanda bila hata kumuuliza.

Ujumbe wa aina hii, ambao huitwa ujumbe taka, haukuanza jana. Mnamo Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC nchini Marekani aliwatumia watu karibu 400 tangazo la bidhaa kwa mpigo mmoja, kupitia Arpanet, mtandao uliotangulia intaneti ya leo.

Miaka 16 baadaye, mnamo Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walisambaza katika maelfu ya makundi ya mijadala tangazo la kuwasaidia watu kushiriki bahati nasibu ya Green Card. Wakenya wengi wanaifahamu bahati nasibu hiyo, na hadi leo matapeli hulitumia jina lake kama chambo.

Kinachoupa uhai ujumbe taka ni gharama yake ndogo. Mwenye duka anayechapisha vikaratasi 1,000 vya matangazo hulipia karatasi, wino na kijana wa kuvigawa. Anayetuma ujumbe kwa watu 1,000 mitandaoni hutumia fedha kidogo mno. Akimpata mnunuzi mmoja huenda akarudisha gharama yake, na ndiyo maana hajali kuwakera wale 999 waliosalia.

Kwa sababu hiyo, kumjibu mtumaji asiyejulikana, hata kwa matusi, ni kumsaidia. Jibu humthibitishia kwamba nambari ile inatumika na kwamba mwenyewe husoma ujumbe. Kubofya kiungo alichotuma ni hatari zaidi, kwani kinaweza kumpeleka mtu kwenye ukurasa bandia unaoiba nywila au nambari ya siri ya benki.

Nambari za watu hupatikana kwa njia nyingi. Kuna wanaoziandika hadharani chini ya taarifa za Facebook wakitafuta kazi au zawadi. Kuna fomu za bahati nasibu madukani. Kuna pia vitabu vya wageni kwenye malango ya majumba, ambapo kila anayeingia huona nambari za waliomtangulia.

Hatua ya kwanza ya kujikinga, basi, ni kuwa mchoyo wa nambari. Hatua ya pili imo ndani ya simu yenyewe. Tangu 2019, WhatsApp humruhusu mtumiaji kuamua ni nani anayeweza kumwingiza katika kundi. Anayefungua mipangilio ya faragha na kuchagua watu anaowajua pekee huwa amefunga mlango ambao matapeli wengi hupitia. Facebook na Instagram nazo zina vitufe vya kuficha tangazo, kumzuia mtumaji na kumripoti kwa wenye mtandao.

Hatua ya tatu ni sheria, na ndiyo ambayo wengi huisahau. Kipengele cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inakataza kutumia habari za mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu.

Isitoshe, kanuni za 2021 zinaitaka kampuni inayotuma matangazo imwonyeshe mpokeaji njia rahisi ya kujiondoa, bila malipo au kwa gharama ndogo mno. Kampuni inayojulikana inapaswa kuambiwa ikome kupitia njia hiyo. Ikiendelea, mpokeaji ana haki ya kulalamika kwa Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data, kwa mdomo au kwa maandishi. Sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kukamilishwa katika muda wa siku 90.

Afisi hiyo ina meno. Mnamo Desemba 2022 iliitoza kampuni ya simu ya Oppo Kenya faini ya Sh5 milioni kwa kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila idhini yake. Mnamo Septemba 2023, kilabu cha Casa Vera jijini Nairobi kilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia.

Wafanyabiashara wadogo pia wana la kujifunza hapa. Mama anayeuza nguo kupitia WhatsApp hakatazwi kutangaza. Anachotakiwa ni kuomba ruhusa kwanza, na kumwondoa mara moja katika orodha yake mteja anayesema imetosha. Wateja 50 waliokubali wana faida kuliko 500 wanaomzuia.

Kwa mwenye kukusudia kulalamika, jambo moja ni muhimu: ushahidi. Kabla ya kufuta ujumbe au kumzuia mtumaji, apige picha ya skrini inayoonyesha nambari, tarehe na maneno yenyewe. Hasira pekee haiwezi kuwasilishwa mbele ya Kamishna, lakini picha hiyo inaweza.