Chumvi ya Uvinza: Kutoka Mwambani Hadi Sokoni

Vitabu vingi vya historia hueleza kwa urefu misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19, hata mwanafunzi akadhani kwamba kabla ya wageni kutoka pwani, bara la Afrika ya Mashariki halikuwa na biashara yake lenyewe. Chemchemi za Uvinza, mashariki ya Kigoma, zatoa ushahidi ulio kinyume.

Mahali pengi mbali na bahari chumvi ilikuwa adimu. Watu walichoma matete na nyasi, wakachuja majivu kwa maji, kisha wakayachemsha maji hayo. Chumvi ya namna hiyo huwa na uchungu, kwa kuwa majivu ya mimea yana potasiamu nyingi. Maji ya Ziwa Natron nayo yamejaa magadi, yaani kaboneti ya sodiamu, ambayo asili yake ni miamba ya volkeno. Hufaa kulainisha maharage, lakini hayashiki nafasi ya chumvi chunguni.

Uvinza ni tofauti. Karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, maji yaliyopita ndani ya ardhi na kuyeyusha chumvi hutokeza juu yakiwa na kloridi ya sodiamu kwa wingi. Ni chumvi hasa ya kulia chakula. Kazi iliyobaki ni kuyachemsha mpaka yakauke.

Uchemshaji huacha makaa, na makaa ndiyo yaliyohifadhi tarehe. Mti ulio hai hupokea kaboni-14 kutoka hewani. Ukikatwa, haupokei tena, na ile iliyomo hupungua kwa nusu katika kila miaka 5,730. Kwa kupima kiasi kilichosalia, mtaalamu hukadiria umri. Mwaka 1967 J. E. G. Sutton na A. D. Roberts walichimba penye chemchemi hizo, wakakuta vigae vya vyungu na mashimo yaliyokandikwa udongo. Makaa yalionyesha kwamba kazi hiyo ilianza yapata miaka 1,500 iliyopita. Kipimo hiki chaweza kupotoka kwa karne moja au zaidi, lakini hata kikipotoka hivyo, chumvi ya Uvinza imeitangulia mbali misafara ya pembe.

Burton na Speke walipopita Uvinza mwaka 1858, chumvi hiyo ilikuwa bidhaa mashuhuri. Ilitengenezwa wakati wa kiangazi, maana masika mito hufurika na kuyazimua maji ya chemchemi. Watu walitoka mbali wakapiga kambi na kuchemsha, na watawala wa Wavinza wakatoza sehemu ya mavuno.

Mwanafunzi wa biashara na aitazame bidhaa hii kwa makini. Haiozi, kila nyumba yaihitaji, vyanzo vyake ni vichache. Bidhaa ya namna hiyo hustahimili safari ndefu, maana mnunuzi wa mbali hulipia pia chakula cha mpagazi na hongo za njiani, na bado huiona ina faida kuliko majivu ya matete.

Umbali ulikuwa ngao ya Uvinza. Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilikamilika hadi Kigoma, ikipita Uvinza penyewe. Tangu hapo chumvi ya Uvinza iliweza kupakiwa garini. Lakini hata chumvi ya bahari iliweza kupanda bara kwa njia ileile.