Stima ikirudi, kagua data kabla ya kuuza

Kama una duka Kawangware au Kangemi, ama unauza simu pale Luthuli Avenue, huenda bado unaukumbuka usiku wa Agosti 25, 2023. Stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Siku kama hiyo, kompyuta ya mauzo isiyo na betri huzimika ghafla. Stima ikirudi na programu ifunguke, wengi husema, "Iko sawa." Pole pole, msee.

Programu kufunguka si ushahidi kwamba data ni nzima. Hifadhidata, yaani pale bei, stoki na madeni hukaa, huandikwa kurasa kwa kurasa. Ukurasa wa MySQL kwa kawaida ni KB 16, lakini diski nyingi huandika vipande vya KB 4. Stima ikikatika katikati, ukurasa mmoja unaweza kubaki nusu mpya, nusu ya zamani. Hifadhidata nzuri ina kinga yake: huandika kila badiliko kando kwanza, kisha ikiwaka humalizia kazi. Ila kuna diski zinazodai zimeandika na bado hazijaandika.

Basi fanya hivi:

1. Funga programu, unakili mafaili yote. Kwa SQLite, usiache wala kufuta faili linaloishia na "-wal". Mauzo ya mwisho yanaweza kuwa humo.

2. Endesha ukaguzi kwenye nakala. SQLite ina amri ya PRAGMA integrity_check. Ikijibu "ok", muundo wa faili ni mzima. MySQL ina CHECK TABLE.

3. Linganisha mauzo ya siku hiyo na taarifa ya M-Pesa, risiti na daftari la madeni.

Hatua ya tatu usiiruke, kwa sababu nambari mbaya inaweza kuhifadhiwa vizuri kabisa. Machi 2013, pale Bomas, skrini zilionyesha zaidi ya kura 300,000 zilizokataliwa. IEBC ilieleza kuwa hitilafu ya programu ilikuwa ikizizidisha mara 8. Hesabu ya mwisho, iliyojumlishwa kutoka fomu za karatasi, ilikuwa 108,975.

Huko karatasi ndizo ziliokoa hesabu. Kwako ni M-Pesa na lile daftari la madeni. Deni likipotea kwenye kompyuta, mteja hatakuja kukukumbusha.