Kukamata Kabla ya Kosa: Maoni ya Watazamaji wa Rumonge juu ya Filamu ya Minority Report



Miongoni mwa maswali tunayoulizwa na wananchi wa Rumonge, Minago, Kabonga na Nyanza-Lac, lipo moja ambalo halikuzaliwa katika mkutano wa usalama wala mlangoni pa kituo cha polisi, bali limetoka katika vibanda vya video. Swali lenyewe ni hili: kwa nini polisi wetu wasifanye kama wale wa kwenye filamu, wakamtia mbaroni muuaji kabla hajaua? Filamu inayotajwa ni Minority Report. Ilitoka mwaka 2002, lakini vibandani filamu haizeeki. Madhali ina risasi, mbio na siri, itaonyeshwa hata kwa wale ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotengenezwa.

Tumeyasikiliza maoni ya watazamaji kwa makini kuliko walivyotarajia, kwa sababu chini ya mzaha wao mna jambo linalogusa kazi yetu na maisha yao. Hata hivyo, kabla ya kuyaeleza, yafaa tukumbushe kwamba wengi hawakuiona filamu hii katika lugha yake, bali kwa sauti ya msimulizi anayezungumza juu ya picha. Desturi hiyo imeenea Afrika Mashariki: Watanzania walimjua Lufufu, na majirani zetu wa Rwanda huziita filamu za namna hiyo agasobanuye. Msimulizi hatafsiri tu, bali hutia chumvi, hufafanua na hata huhukumu. Akiwaita wale watabiri watatu wachawi, watazamaji watatoka na filamu moja. Akiwaita manabii, watatoka na nyingine. Sehemu ya ubishi tulioukuta chanzo chake ni msimulizi, wala si mwongozaji.

Hadithi yake ilitungwa na Mmarekani Philip K. Dick na kuchapishwa mwaka 1956. Mwongozaji Steven Spielberg ameihamishia Washington ya mwaka 2054. Mjini humo kipo kikosi cha polisi kisichosubiri maiti. Vijana watatu, mwanamke mmoja na wanaume wawili, wamelazwa ndani ya dimbwi la maji, nusu usingizini, na akilini mwao hupita picha za mauaji yatakayotokea. Mashine huzinasa picha hizo, kisha huviringisha vipira vya mbao vilivyochongwa majina: jina la atakayeuawa na jina la atakayeua. Polisi huruka wakamkamata mhusika, wakamvisha pete kichwani, akalazwa usingizi usiojulikana mwisho wake. Jaji huonyeshwa picha kwa mbali, mshitakiwa hasikilizwi. Kwa miaka 6 mfumo huo umekomesha mauaji mjini, na taifa linajiandaa kupiga kura ili uenezwe nchi nzima. Ndipo siku moja kipira kinashuka kikiwa na jina la mkuu wa kikosi mwenyewe, John Anderton, anayeigizwa na Tom Cruise: ndani ya saa 36 atamuua mtu asiyemjua hata kwa sura.

Maoni ya kwanza, na pengine yaliyotuchoma zaidi, yalitoka kwa akina mama wauzao ndagala. Wao hawakujali teknolojia wala mbio za magari. Walichokiona ni tukio la mwanzo: mume aliyemkuta mkewe na mwanamume mwingine ananyanyua mkasi, na polisi wanaingia wakati mkasi ungali hewani. Mke yu hai. Mmoja wao akatuambia kwamba polisi wa filamu huja kumtazama mwanamke akiwa hai, ilhali wa huku huja kuandika jina lake akiwa amekwisha kufunikwa shuka. Maneno hayo ni makali, nasi hatutayapamba.

Lakini tulitazame tena tukio hilo kwa jicho la sheria, maana lina somo ambalo wengi wamelipita. Kanuni ya adhabu ya Burundi haimngoji mtu amalize kuua. Inaadhibu jaribio, yaani pale nia ya kutenda kosa inapodhihirishwa na matendo ya nje yaliyo mwanzo wa utekelezaji, na matendo hayo yakazuiwa tu na mambo yasiyotokana na hiari ya mtendaji. Mume mwenye mkasi uliokwisha kunyanyuliwa juu ya mkewe, akadakwa mkono na askari au na jirani, ameshaingia ndani ya mstari huo. Angekamatwa Rumonge, angekamatwa kihalali, na angeshitakiwa kwa kujaribu kuua. Tofauti ya filamu ni kwamba anaambiwa anakamatwa kwa mauaji yajayo, kana kwamba wafu wameshalala chini, kisha anafungwa bila kusikilizwa.

Kwa hiyo jibu letu kwa akina mama ni kwamba sheria haikutufunga mikono kama inavyodhaniwa. Kutishia kuua, kwa maneno au kwa maandishi, ni kosa lenyewe kabla ya kisu kuchomolewa. Kupiga ni kosa. Watu kujipanga kundi kwa ajili ya kwenda kuvamia ni kosa hata kabla ya uvamizi. Na yeyote anayeweza kumsaidia mtu aliye hatarini bila kujihatarisha mwenyewe, akaacha kwa makusudi, naye ana la kujibu. Mauaji ya majumbani aghalabu hutanguliwa na dalili ambazo nyumba kumi nzima inazijua: vitisho vilivyotamkwa baani, mtoto aliyekimbilia kwa jirani usiku, mwanamke anayeficha uso asubuhi ya soko. Dalili hizo ndizo dimbwi letu. Tatizo ni kwamba hutufikia baada ya mazishi, zikiwa zimegeuka kuwa masimulizi.

Maoni ya pili yalitufanya tucheke kwanza, kisha tukanyamaza. Wavuvi wa katamarani walisema hawakuona jambo geni lolote katika wale vijana wa dimbwini, kwani pwani hii watu wanaotazama maji na kutaja jina la mwizi wamekuwapo tangu zamani. Injini ikipotea usiku, wapo wasiokwenda kituoni, bali huenda kwa mpiga ramli, naye hutazama bakuli lake, akatoa jina au sifa za mtu. Mzee mmoja akauliza: Wazungu wakitia ramli ndani ya mashine wanaitwa wataalamu, sisi tukiitia ndani ya bakuli tunaitwa washamba, tofauti ni ipi?

Mzee wetu amegusa kiini cha filamu nzima. Tofauti ni ndogo mno. Ubaya wa ramli ya bakulini na ubaya wa ramli ya mashine ni mmoja: aliyetajwa hana pa kusimama akajitetea. Huwezi kumhoji mganga aliliona wapi tukio, palikuwa na mwanga gani, alisimama umbali gani. Shahidi wa kawaida huulizwa hayo yote, na akidanganya hujikwaa, lakini bakuli halijikwai. Ndiyo maana jina lililotoka katika ramli haliwezi kuwa ushahidi mbele ya hakimu, wala haliwezi kumpa mtu ruhusa ya kumfuata mwenzake kwa mawe na mafuta ya taa. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu mtu akishatajwa kuwa mwizi au mchawi, umati haumsubirishi hadi kesho, na wale wanaompiga huwa wanaamini kabisa kwamba wanazuia uhalifu. Mbele ya sheria, mikono hiyo ndiyo iliyoua.

Filamu inaonyesha pia namna ramli inavyochezewa. Watabiri wale watatu si lazima waone jambo moja. Mmoja aweza kuona tofauti na wenzake, na maoni yake ya upande wa wachache, ambayo ndiyo yaliyoipa filamu jina, hufutwa kimyakimya ili mfumo uonekane haukosei. Mbaya zaidi, mkubwa aliyeuanzisha mfumo, mzee Lamar Burgess, aliwahi kumuua mwanamke na kuificha damu hiyo ndani ya mfumo wenyewe, kwa kuwa alijua vema mashine huona nini na hupuuza nini. Baadhi ya watazamaji walidhani tutachukizwa na filamu inayomwonyesha bosi wa polisi kuwa ndiye mhalifu. Hatukuchukizwa. Chombo chochote cha usalama ambacho hakuna wa nje anayekikagua humfaa kwanza yule anayekishika.

Wanafunzi wa sekondari walivutiwa zaidi na tukio la kipira. Afisa Witwer, aliyetumwa na wizara ya sheria kukichunguza kikosi, anauliza vipi mtu akamatwe kwa jambo ambalo halikutokea. Anderton anaviringisha kipira juu ya meza. Witwer anakidaka ukingoni. Kwa nini umekidaka? Kwa sababu kingeanguka. Una hakika? Ndiyo. Lakini hakikuanguka. Vijana wengi walishangilia wakaona hoja imekwisha. Binti mmoja alibaki ameinua kidole: kipira hakina moyo, bwana afande, mtu anao. Tulimpa haki palepale. Kipira hakiwezi kughairi katikati ya meza. Mtu anaweza, na sheria inalijua hilo, maana aliyeanza jambo akaliacha kwa hiari yake hahukumiwi kama aliyezuiwa na askari. Filamu yenyewe inakuja kumuunga mkono binti huyo: Anderton anafika mbele ya mtu aliyetabiriwa kumuua, ana bastola, ana sababu, na anaanza kumsomea haki zake. Mtu yule anakufa, ni kweli, lakini kwa kuivuta bastola mwenyewe.

Wapo waliodhani haya yote ni hekaya ya mwaka 2054. La hasha. Polisi wa Los Angeles walitumia kwa miaka programu iitwayo PredPol, iliyokuwa ikitaja vipande vya mji ambako uhalifu ungetarajiwa, wakaiacha mwaka 2020. Chicago ilikuwa na orodha ya watu waliopewa alama kwa kukadiria nani huenda akahusika na ufyatuaji wa risasi, nayo iliachwa. Mji wa Santa Cruz, uliokuwa wa mwanzo kuijaribu PredPol, uliupiga marufuku utabiri wa namna hiyo mwaka 2020. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya akili bandia ya mwaka 2024, umekataza mtu kutabiriwa kuwa atatenda kosa kwa kuangalia tu sifa na tabia zake. Lawama kubwa iliyotolewa ni rahisi kueleweka hata na asiyewahi kugusa kompyuta. Mashine hulishwa kumbukumbu za zamani. Ikiwa askari walizoea kupiga doria mtaa mmoja tu, kumbukumbu zitajaa majina ya mtaa huo, mashine itawarudisha askari hukohuko, na kumbukumbu zitazidi kujaa. Mwalo usiofikiwa na doria utaonekana mtakatifu.

Hapa ndipo filamu inapotugusa sisi watu wa mpakani kuliko watu wa bara. Ng'ambo ya Rumonge ipo rasi ya Ubwari, nchi ya Kongo; kusini ya Nyanza-Lac ipo Kagunga ya Tanzania. Watu huvuka kwa biashara, kwa ndoa, kwa msiba na, nyakati mbaya, kwa kukimbia vita. Akishuka mtu mwenye lafudhi ya Baraka au ya Kigoma usiku ule ule ambao injini imeibwa, bakuli la kila mtu lina jina tayari. Tumepokea taarifa nyingi za aina hii: afande, kuna mgeni hapa, sura yake si nzuri. Sura haikamatwi. Taarifa inayotusaidia ni ya macho na masikio: mtumbwi wa rangi gani, umefika saa ngapi, umeshusha nini, injini yenye namba gani inauzwa kwa bei isiyo yake, nani alisema atamchoma nani na nani walikuwapo akisema. Mwenye kuleta taarifa hiyo hahitaji kuwa na hakika kwamba kosa litatendeka. Kazi ya kupima ni yetu na ya mwendesha mashtaka. Lakini anayemsingizia jirani yake kwa makusudi, akijua ni uongo, naye anatenda kosa.

Ubishi wa mwisho ulihusu mwisho wa filamu. Mfumo unavunjwa na wafungwa wote wanaachiliwa, lakini sauti inatueleza kwamba polisi waliendelea kuwafuatilia wengi wao kwa miaka. Wavuvi walisema ni haki, kwani mtu aliyetajwa mara tatu hutazamwa. Binti yule wa kipira akasema hiyo ni ramli ile ile, imevuliwa mashine tu. Mama wa ndagala aliyetusema mwanzoni aliwasikiliza wote, kisha akauliza yule mume wa mkasi, alipoachiliwa, alirudi kulala nyumba gani. Hakuna aliyemjibu, na filamu haisemi.