Mfuniko wa chupa ya achari ukivimba, usiionje

MSIMU wa maembe unapofika kilele, bei hushuka na matunda mengi huozea shambani. Vikundi vingi vya wajasiriamali huyaokoa kwa kusindika jamu na achari. Hata hivyo, faida hiyo hupotea chupa zikiharibikia dukani, na mlaji anaweza kupoteza maisha.

Dalili za chupa iliyoharibika ni mfuniko uliovimba au unaobonyea na kurudi, kuvuja, mapovu yanayopanda chupa ikiwa imetulia, harufu ya pombe na ukungu. Usionje ili kuhakikisha. Tupa chupa nzima, mbali na watoto na mifugo. Wapo wanaokwangua ukungu juu ya jamu na kula iliyobaki. Hilo si salama, kwani nyuzi za ukungu hupenya chini na baadhi hutoa sumu.

Sumu isiyonuka

Hatari kubwa zaidi haionekani. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hustawi pasipo hewa na pasipo uchachu wa kutosha. Chakula chenye sumu yake kinaweza kunukia vizuri tu. Aliyekula huona vitu viwili viwili, hushindwa kumeza, na hatimaye kupumua. Awahishwe hospitali.

Mbegu za bakteria huyo hazifi katika maji yanayochemka kwa nyuzi joto 100; huhitaji nyuzi 121, ndani ya chombo maalumu cha shinikizo. Kwa hiyo maharage, karoti au nyama visifungwe kwenye chupa kwa kuchemsha kwa sufuria ya kawaida.

Kinga ya msindikaji mdogo ni uchachu. Kipimo cha pH kiwe chini ya 4.6. Embe bivu linaweza kuvuka kiwango hicho, hivyo ongeza ndimu au siki na upime kwa karatasi ya pH. Mafuta yanayomwagwa juu ya achari hayaui bakteria huyu. Huzuia hewa, jambo analolipenda.

Usibane sukari

Jamu iliyoiva sawasawa huwa na sukari ya asilimia 65 hivi. Anayepunguza sukari ili kubana gharama huukaribisha ukungu.

Tumia chupa zisizo na ufa na mifuniko mipya. Jaza bidhaa ikiwa ya moto, acha nafasi kidogo juu, futa mdomo wa chupa, kisha funga na uchemshe chupa zikiwa zimezama majini kwa dakika 10. Kwenye miinuko kama Njombe, ambako maji huchemka kabla ya nyuzi 100, fikisha dakika 20.

Aidha, andika tarehe na namba ya mkupuo kwenye kila chupa. Chupa moja ikiharibika, utajua zipi za kuondoa dukani bila kutupa mzigo wote. Chupa ikishafunguliwa ihifadhiwe kwenye jokofu.

Mafunzo ya usindikaji hutolewa na SIDO mikoani, na tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula uko chini ya TBS.