Gitaa Lililokwisha Kutumika

Somo: 1 Samweli 16:1–13

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine watasema si la mimbarani, yaani namna ya kununua gitaa lililokwisha kutumika. Nasema na ndugu zangu wa pwani ya kusini, tangu Likoni, Ukunda na Diani, hata Msambweni na Lunga Lunga. Lakini kila kanisa lenye kwaya na mfuko mdogo laweza kusikiliza.

Gitaa si mgeni katika pwani yetu. Miaka ya 1950 Fundi Konde, mwana wa Pwani, alilipiga hata akajulikana Afrika Mashariki yote. Siku hizi kijana wa kwaya akitaka gitaa la boksi, yaani lile lisilotumia umeme, hulitafuta kwanza katika simu. Huona tangazo kwenye Facebook, au Jiji, au kundi la WhatsApp. Picha yang'aa, bei ni nusu ya dukani, na mwenye mali asema, "Tuma kidogo kwa M-Pesa nikuwekee, kuna mwingine analitaka." Hapo ndipo fedha za kanisa huingia hatarini.

Fedha zenyewe zimetoka wapi? Ni za mama aliyeuza korosho, za mvuvi aliyetoa sehemu ya pato lake, za watoto walioleta nazi siku ya mavuno. Zikipotea hazipotei za kamati, zimepotea za hao. Kwa hiyo kulichunguza gitaa ni sehemu ya uwakili wetu mbele za Mungu.

Katika somo letu, Samweli alifika Bethlehemu nyumbani kwa Yese. Alipomwona Eliabu, mzaliwa wa kwanza, mrefu na mwenye umbo la kupendeza, alidhani kazi imekwisha. Bwana akamzuia, akamfundisha kwamba macho ya mwanadamu huishia nje. Hata nabii aliweza kukosea kwa sura! Sembuse sisi na picha ya simu? Wahenga wa pwani walisema, "Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi." Na gitaa la pwani limekwisha kupata maji mengi ya hewani.

Basi, tufanye nini? Kwanza, usitume fedha kabla ya kuliona na kulishika. Fedha ulizomtumia mtu kwa hiari yako si rahisi kuzirudisha. Mwombe mwenyewe akupigie picha tatu: moja ya shingo ikitazamwa toka kichwani, moja ya ubavuni, na moja ya kile kibao kilichogandishwa kifuani ambacho nyuzi hufungwa. Akikataa, shukuru na uendelee na safari yako. Akikubali, mkutane mchana, mahali penye watu, nawe uende na mtu ajuaye kupiga. Tena muulize amelipata wapi. Sheria ya Kenya yahesabu kuwa ni kosa kupokea mali ya wizi ukijua, na nyimbo za sifa hazifai kupigwa kwa mali ya mtu aliyeibiwa.

Pili, litazame kama seremala atazamavyo ubao. Inua gitaa, weka jicho kichwani, utazame shingo mpaka chini. Imepinda au imejikunja? Kisha fanya hivi. Bonyeza uzi mnene kwenye kile chuma cha kwanza cha shingoni, na kwa mkono wa pili ubonyeze mahali shingo inapoungana na sanduku. Uzi uliovutika sasa ni rula yako. Katikati, karibu na chuma cha saba, pawe na mwanya mdogo tu, kadiri ya unene wa kadi ya mwaliko. Ukiwa mkubwa, shingo imevutwa na nyuzi. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo, na fundi aweza kuikaza kuinyosha. Magitaa mengi ya nailoni hayana fimbo hiyo.

Pima na urefu wa nyuzi kutoka shingoni, kwenye chuma cha 12. Kwa nyuzi za chuma, uzi mnene uwe juu kiasi cha milimita 2 na nusu hadi 3; kwa nailoni, karibu milimita 4. Ukizidi sana, vidole vya kijana vitaumia, naye ataacha kujifunza.

Tatu, chunguza kifua. Tazama nyuma ya kile kibao. Kifua kimevimba kama tumbo? Chukua kipande cha karatasi, ujaribu kukiingiza chini ya kibao. Kikiingia, gundi imeachia. Sababu si siri. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, mchana na usiku. Za nailoni huvuta karibu kilo 40. Kwa hiyo usitie kamwe nyuzi za chuma katika gitaa lililoundwa kwa nailoni, maana litang'oka kibao au kuvimba kifua. Wengi wamefanya hivyo, wakaosha, wakapaka vanishi, wakauza.

Hapa kwetu kuna na unyevu. Mbao ya gitaa hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hewa ya pwani mara nyingi hupita 70. Mbao hunywa, huvimba, hulegea. Chumvi ya bahari nayo hula nyuzi na funguo za kukazia. Zungusha kila ufunguo. Ukikwama au kuzunguka bure, una kutu au umekwisha meno. Chungulia ndani ya tundu la kifua kwa mwanga wa simu. Ukiona unga wa mbao na vitundu vidogo, mdudu amekwisha hamia humo.

Nne, sikiliza. Nunua nyuzi mpya uende nazo, kwa kuwa nyuzi chakavu hudanganya. Piga kila uzi katika kila chuma tangu cha kwanza hata cha 12. Nyuzi sita mara 12 ni sauti 72. Haichukui hata dakika kumi. Panapokoroma, kumbuka mahali. Kisha gusa uzi kidogo tu juu ya chuma cha 12, bila kuubana, uupige. Halafu ubane papo hapo, uupige tena. Sauti hizo mbili ziwe moja. Zikitofautiana, gitaa halipatani na nafsi yake, nalo litaipoteza kwaya yote.

Si kila kasoro ni ya kukimbia. Nyuzi kuukuu, vumbi, mikwaruzo, na hata ufunguo mmoja mbovu, hayo hutengenezwa kwa fedha kidogo. Gitaa lenye mikwaruzo laweza kuwa na sauti njema kuliko lile linalong'aa, kama vile mchunga kondoo aliyesahauliwa malishoni alivyokuwa ndiye mteule. Lakini shingo iliyopinda isiyo na fimbo, kifua kilichozama, au ufa uliopita kifuani, hayo mwachie mwenyewe, hata bei ikiwa ya bure. Haraka haraka haina baraka.

Sasa, ndugu mpendwa, Neno halimsemeshi mnunuzi peke yake. Wewe unayeuza, je, wasema kasoro kabla hujaulizwa? Mithali 11:1 yatuonya kwamba Bwana huchukizwa na mizani ya udanganyifu, na picha iliyopigwa upande usio na ufa ni mizani ya namna hiyo. Twaishi kati ya majirani Waislamu. Mmoja akinunua kwako Ukunda, akafika kwake akakuta kibao kimeng'oka, atalisema jina lako, na pamoja nalo jina la Kristo.

Nawe mnunuzi, soma Mithali 20:14. Humo twamwona mtu akiikashifu mali sokoni, kisha njiani akitamba jinsi alivyoipata rahisi. Usiseme shingo imepinda na hali umeona kwamba imenyooka. Punguza bei kwa kasoro iliyopo, wala usibuni nyingine.

Na wewe uliyetumwa na kamati, lete risiti yenye bei ile ile uliyolipa. Mwende wawili. Kijana akisikia kwamba mzee wa kanisa ameongeza kitu juu ya bei, hakuna wimbo utakaomrudisha upesi.

Likiisha kununuliwa, lilindeni. Msiliache ndani ya gari juani, maana joto hulegeza gundi. Msiliegemeze ukutani penye unyevu wakati wa masika. Lifuteni jasho kwa kitambaa kikavu, mlirudishe mfukoni mwake. Chagueni mtu mmoja wa kulitunza.

Paulo aliwaagiza Wathesalonike wajaribu mambo yote, wakalishike lililo jema. Tulijaribu gitaa kwa jicho, kwa mkono na kwa sikio. Na mioyo yetu je? Ipo fimbo ndani iwezayo kunyoshwa, au tumepaka vanishi tu?

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uonaye yaliyo ndani, utupe uaminifu katika kununua na katika kuuza. Zilinde sadaka za watu wako. Tunyoshe palipopinda, ili sauti zetu na maisha yetu yapatane mbele zako. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.