Jumatatu ya nani? Hesabu ya siku inavyowachanganya wafanyabiashara wa Kabonga

KABONGA – Mfanyabiashara wa Kagunga, upande wa Tanzania, anapompigia simu mteja wake wa Kabonga na kumwambia dagaa watafika Jumatatu, kila neno linasikika. Lakini mteja aliyejifunza siku za wiki kwa Kirundi ana "tatu" nyingine kichwani. Kwake siku ya tatu, ku wa gatatu, ni Jumatano. Akiifuata hiyo, mzigo utakaa ufukweni siku mbili bila mwenyewe, na dagaa wakinyeshewa hakuna wa kumlipa.

Chanzo ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Kiswahili huanza baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili. Kirundi huanza na siku ya kazi, ku wa mbere, ambayo ndiyo Jumatatu. Kwa hiyo nambari ile ile hupishana kwa siku mbili: nne ya Kiswahili ni Jumanne, ku wa kane ni Alhamisi, Jumatano ina tano yake, ku wa gatanu ni Ijumaa. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, wapo wanaosema kwa Kiswahili chao "siku ya kwanza" wakimaanisha Jumatatu. Ni Kiswahili, ila kinahesabu kama Kirundi.

Mtu atauliza: anayejua lugha zote mbili anakosea vipi? Mwaka 2001 mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Spelke, na mwenzake Sanna Tsivkin walichapisha utafiti kuhusu watu wanaozungumza Kirusi na Kiingereza. Waliwafundisha mambo mapya kwa lugha moja, kisha wakawauliza kwa zote mbili. Nambari kamili zilikuja haraka zaidi kwa lugha iliyotumika kufundishia. Makadirio, pamoja na mambo yasiyo na nambari, hayakujali lugha.

Mfanyabiashara ataitambua tofauti hiyo sokoni. Akitazama rundo la mawese au gunia la mchele, anajua bei ni kubwa au ya haki kabla hajafungua mdomo. Hilo ni kadirio. Ila siku, saa na kiasi cha deni ni nambari kamili, na nambari kamili hushikamana na lugha iliyoileta. Ndiyo maana mtu anaweza kupatana bei kwa Kiswahili fasaha huku noti anazihesabu kimoyomoyo kwa Kirundi.

Nyanza-Lac na Rumonge mambo yamechanganyika zaidi. Wengi waliokimbia mwaka 1972 walikaa Tanzania miaka mingi, na watoto wao walisoma huko kwa Kiswahili. Waliporudi walikuta jirani aliyesomea Kirundi na Kifaransa. Hata nyumba moja inaweza kuwa na wiki mbili.

Tena kuna neno ejo. Kwa Kirundi ni jana, na pia ni kesho. Kitenzi ndicho kinachoamua. Ejo naje, nilikuja jana. Ejo nzoza, nitakuja kesho. Katika mazungumzo halimsumbui Mrundi yeyote. Tatizo ni ujumbe wa simu, ambapo watu hubana maneno na kitenzi ndicho cha kwanza kutupwa. "Pesa ejo" inaweza kusomwa kwamba deni limeshalipwa au kwamba litalipwa.

Majina ya samaki hayana hatari hiyo. Anayeitwa mgebuka Kigoma ni mukeke Burundi, lakini yumo ndani ya beseni, unamwona. Siku haionekani, na aliyeielewa vibaya hajui mpaka mashua imeshaondoka.

Saa nayo ina mtego wake. Kiswahili na Kirundi zote huhesabu kuanzia mapambazuko, saa mbili na isaha zibiri ni kitu kimoja. Lakini saa ya Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kabonga ikiwa saa mbili, Kagunga ni saa tatu tayari. Wa Kabonga anayepanda mashua ya Kagunga kwa saa ya kwao atakuta maji tu. Simu nayo, ikidaka mnara wa ng'ambo, inaweza kujibadilisha saa bila kumwuliza mwenyewe.

Kalenda ya ukutani ndiyo isiyogombana na mtu: tarehe 14 ni tarehe 14 pande zote mbili. Kwa mpango wa mzigo, tarehe itangulie, jina la siku lifuate, na saa itajwe pamoja na nchi yake. Kisha anayepokea arudie kwa lugha anayohesabia, si kwa kuitikia "sawa". Akisema "ku wa mbere, itariki 14, isaha zibiri z'i Burundi", na mwenzake akajibu "Jumatatu, saa tatu ya Tanzania", mashua inaweza kupakiwa.