Nyumba ya Uzeeni na Yule Atakayebaki

Wako ndugu zetu wengi waliokwenda Uingereza wangali vijana, wengine kusoma, wengine kuuguza wagonjwa, wengine kuendesha magari ya abiria, nao sasa wamefika umri wa kupumzika. Watoto wao wamezaliwa huko na kukulia huko, na wajukuu hawajui lugha nyingine ila ya huko. Basi kila jioni swali ni lile lile: turudi Tanzania, au tukae huku huku mpaka mwisho wetu? Twataka kusema neno juu ya swali hilo, maana tumeona kwamba mara nyingi huulizwa na mtu mmoja na kujibiwa na mtu mmoja, naye ni mume. Lakini atakayeishi na jibu lile miaka mingi zaidi ni mke.

Hatusemi hivi ili kuwatia waume lawama. Wanawake huishi muda mrefu kuliko wanaume, karibu katika nchi zote za dunia, na tena kwa desturi zetu mume huwa na umri mkubwa kuliko mkewe. Ukijumlisha hayo mawili utaona kwamba mke aweza kukaa mjane miaka kumi, hata ishirini, katika nyumba ambayo mumewe aliichagua kwa ajili ya uzee wake mwenyewe.

Twamjua mzee mmoja, jina lake tuliache, aliyefanya kazi Uingereza zaidi ya miaka thelathini. Mkewe alikuwa muuguzi, na mishahara ya wote wawili ilijenga nyumba juu ya kihamba cha baba yake, katika milima ya Uchaga. Nyumba ilikuwa nzuri kweli, ya ghorofa moja na vyumba saba, na vyumba vya kulala vyote viko juu. Watu walipomwuliza vyumba saba ni vya nini, alijibu, "Watoto wakija." Watoto walikuja Desemba moja, wakakaa majuma mawili, wakaenda zao. Mwaka wa tatu mzee akafariki, akazikwa penye migomba kama alivyotaka.

Mama yule ni mtu wa Muheza. Akabaki mlimani, magoti yanamwuma kila apandapo ngazi, na baridi ya Julai yampenya mifupani. Jamaa za marehemu hawakumfukuza wala hawakumnyima chakula. Yafaa tuseme kweli, walimtendea vema. Lakini kiwanja kiliandikwa jina la shemeji yake, kwa kuwa mume alikuwa amekwisha kuchukua uraia wa Uingereza wakati wa kujenga. Hawezi kuiuza nyumba ile, wala kuipangisha, wala kusema, "Nipeni sehemu yangu nikakae na dada zangu Tanga." Fedha za maisha yake zimo ndani ya matofali yasiyo yake. Wajukuu wako Leicester. Yeye mwenyewe alituambia kwamba hakuna aliyemkosea, ila hajui mahali pake ni wapi.

Wengi wakisikia habari kama hii watasema kwamba mzee alitaka tu kulala karibu na baba zake, na hilo ni haki yake. Sisi pia twasema ni haki yake. Lakini kuzikwa ni kazi ya siku moja, na kuzeeka ni kazi ya miaka mingi. Si lazima mambo hayo mawili yafanyike mahali pamoja. Profesa Ali Mazrui alifundisha Marekani miaka mingi, akafariki huko Binghamton Oktoba 2014, na mwili wake ukaletwa Mombasa ukazikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu. Alipata kaburi la kwao, na uzee wake aliupitisha kwingine.

Mwalimu Julius Nyerere alifanya kinyume chake. Alipoacha urais mwaka 1985 alikwenda kukaa Butiama, kijiji alikozaliwa, akashika jembe, na wengi walimsifu kwa hilo, nasi pia twamsifu. Hata hivyo, mwaka 1999 alipozidiwa na saratani ya damu ilikuwa hapana budi apelekwe London, akafia katika hospitali ya St Thomas' tarehe 14 Oktoba, ndipo akarudishwa Butiama kuzikwa. Mama Maria, mkewe, alikaa mjane zaidi ya miaka 25 tangu siku ile. Watu husimulia sana habari za kurudi kwa Mwalimu kijijini. Miaka ile ya mjane haisimuliwi mara nyingi.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa wengi hushikwa bila kujua. Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa hata kwa aliyehamia Tanzania au Kenya, lakini haiongezwi tena. Siku ile uhamapo, kiasi chako husimama palepale, bei zikipanda zisipande. Nchi zenye mapatano na Uingereza hupewa nyongeza kila mwaka, na Mauritius ni mojawapo. Tanzania na Kenya hazimo. Kwa mfano, pensheni mpya kamili ilikuwa pauni 155.65 kwa juma ilipoanza mwaka 2016. Aliyehamia Moshi mwaka ule angali anapata hizo hizo 155.65. Mwenzake aliyebaki Uingereza katika mwaka wa 2025/26 alipata 230.25. Tofauti ni karibu pauni 75 kila juma, nayo huzidi kukua, na ndiyo fedha atakayoishi nayo yule atakayefika umri wa miaka themanini na tisini. Msaada ule wa kuwaongezea wazee wenye pato dogo nao hausafiri kabisa. Ukihama moja kwa moja, umekwisha.

Tena liko jambo ambalo wake wengi hawajaambiwa. Kwa wale wanaofikia umri wa pensheni tangu tarehe 6 Aprili 2016, kila mtu hupata kwa hesabu ya michango yake mwenyewe. Mume akifa, pensheni yake ya serikali kwa kawaida haimfuati mjane, isipokuwa sehemu fulani za waliochangia chini ya kanuni za zamani. Yatakiwa miaka 10 ya michango ili kupata cho chote, na miaka 35 ili kupata yote. Kwa hiyo mama aliyekaa nyumbani kulea, au aliyefanya kazi za vipande vipande, na aitazame hesabu yake mwenyewe kabla ya kufunga masanduku, wala asitulizwe kwa neno la mume, "Yangu yatutosha." Yatawatosha wakiwa wawili.

Habari za hospitali zataka kutazamwa kwa macho makavu. Uingereza matibabu ya serikali hupewa anayekaa kule, si aliyelipa kodi zamani. Aliyehama kabisa akirudi kutembea aweza kudaiwa gharama za kulazwa, ijapokuwa alichangia miaka arobaini. Kwetu Tanzania ziko hospitali ambazo hatuna haja ya kuzionea haya: KCMC huko Moshi, Bugando huko Mwanza, Muhimbili na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam. Lakini ziko mijini, na kijiji cha baba kiko mbali. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa juma hawezi kukaa mwendo wa saa tano kutoka kwenye mashine. Mwenye kisukari apaswa kujua dawa yake atainunua wapi wakati wa masika, barabara zikiharibika, na nani atakwenda kumchukulia.

Wala asidhani mtu kwamba twawaambia wote wabaki ng'ambo. Tumewaona wazee wetu waliobaki. Yuko anayeona watu wawili kwa juma, mmoja mleta barua, mwingine yule anayekuja kumwogesha, naye amepewa dakika chache tu. Watoto wanampenda, lakini wanafanya kazi miji mingine na nyumba zao ni ndogo. Akidhoofika hupelekwa katika nyumba ya kutunzia wazee, na katika Uingereza yenyewe mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia gharama zote, hata nyumba ikauzwa, isipokuwa kama mwenzi wake angali anakaa ndani yake. Mjane hana mwenzi wa kumlindia mlango. Na wako wazee ambao maradhi ya kusahau huwaondolea Kiingereza kwanza, wakabaki na lugha ya mama zao katikati ya wauguzi wasioielewa hata neno moja. Katika mambo yote ya kubaki ng'ambo, hilo ndilo twaliogopa zaidi.

Basi, kati ya kijiji cha baba na mji wa ugenini ipo njia ya tatu, nayo haina sifa kubwa kwa sababu haijengi jina la mtu. Ni kutafuta nyumba ndogo katika mji wa nchi ya nyumbani, karibu na hospitali na soko: Moshi, Tanga, Morogoro, Mwanza. Iwe ya chini isiyo na ngazi, choo kiwe ndani, mlango upitishe kiti cha magurudumu, na kiwanja kiwe kidogo kiasi cha kufagiliwa na mtu mmoja. Jamaa za mume waweza kufika, na jamaa za mke waweza kufika. Mmoja akifa, anayebaki aweza kuiuza au kupangisha chumba akapata cha kumwita mjukuu. Twajua kijijini watasema, "Fulani ameshindwa kujenga kwao." Na waseme.

Lakini nyumba hiyo nayo ni lazima iandikwe sawasawa. Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Ndiyo maana wengi wameandika viwanja kwa jina la kaka au binamu, wakidhani udugu watosha. Udugu watosha mpaka kaka afe. Watoto wake hawakuwapo mlipokubaliana. Mwaka 2025 Bunge lilibadili sheria ili wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine wapewe hadhi maalum, na njia ya kumiliki ardhi kwa masharti. Aliyekwisha kujenga kwa jina la mwingine na aende ofisi ya ardhi mapema, angali na nguvu za kusimama kwenye foleni, aulize masharti yale. Kama mmoja wa wawili angali raia wa Tanzania, asiharakishe kuubadilisha uraia wake. Na hati iwe na majina mawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mwenzi mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini majina mawili katika hati huzuia maneno mengi kabla hayajafika mahakamani.

Juu ya urithi tutasema kwa ufupi, ingawa ni jambo zito. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 halimpi mjane fungu la mali ya mumewe ikiwa marehemu ana watu wa ukoo wake. Lasema atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili walioondoshwa katika nyumba zao walikwenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2006 ikakiri kwamba kanuni hizo zabagua, ila haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliamua kwamba nchi imewakosea. Kwa Wakristo iko sheria nyingine, ile ya Urithi ya Kihindi ya mwaka 1865, ambayo humpa mjane mwenye watoto theluthi moja. Lakini mahakama hutazama jinsi marehemu alivyoishi, kama alifuata mila au aliiacha, na hapo mashemeji huanza kutoa ushahidi, huyu hivi na huyu vile. Ugomvi huo wote hukatwa na wosia ulioandikwa. RITA huandika wosia na kuuhifadhi. Twajua wazee huona kwamba kuandika wosia ni kujiitia kifo. Tumewazika wengi ambao hawakuandika.

Kabla ya kuuza nyumba ya Uingereza, wote wawili waende wakakae kwa kupanga pale wanapokusudia, masika moja na kiangazi kimoja, si majuma matatu ya Krismasi ambapo kila mtu amechinja. Na katika miezi hiyo mume asafiri mahali majuma machache, amwache mkewe peke yake katika nyumba ile. Arudipo amwulize alilalaje, nani alikuja kumjulia hali, alikwendaje sokoni, umeme ulipokatika alimwita nani. Kisha mke naye asafiri, maana Mungu ndiye ajuaye nani atatangulia.

Vyeti vya ndoa vichukuliwe nakala mbili zenye mhuri, moja ikae na mke mwenyewe, wala si katika sanduku la mume.